Kutafuta Metali kwa Ditekta Mtwara na Lindi: Mwongozo wa Anayeanza, Kuanzia Kibali hadi Shimo

Mtu anayepita na ditekta katika shamba la mikorosho upande wa Mtama, au ufukweni Msangamkuu, huonekana kutoka mbali, na kabla hajamsalimu mtu yeyote watu huwa wameshaamua anatafuta nini: rupia za Mjerumani, dhahabu, au chuma chakavu cha kuuza kwa kilo. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na sheria na ruhusa, na mashine inafuata baadaye. Ninawaandikia wanaotaka kufanya kazi hii kwa kuipenda tu, wakitafuta pete zilizodondoka, senti zenye tundu, vifungo na vifaa vya zamani ambavyo watu wa kawaida waliviangusha wakiwa katika shughuli zao. Anayetaka utajiri hatanufaika na maelezo haya.

Kuhusu rupia niseme mapema, kwa maana kila ninapokwenda huulizwa kama ina zebaki ndani na kama kweli moja huuzwa kwa mamilioni. Rupia ya Kijerumani ni sarafu ya fedha yenye uzito wa gramu 11.66, na fedha iliyomo ni sehemu 917 katika 1,000. Hakuna zebaki ndani yake, hakuna nguvu ya siri, na anayekuahidi mamilioni kwa sarafu moja anatafuta namna ya kukutoa nauli, ada ya kupimia na hatimaye akiba yako yote.

Hatua ya kwanza: Jua mahali na vitu usivyoruhusiwa kugusa

Madini yaliyo ardhini ni mali ya Jamhuri, na Sheria ya Madini, Sura ya 123, inamtaka anayeyatafuta awe na leseni, hata kama shamba ni la baba yake mzazi. Katika wilaya za Ruangwa na Nachingwea, ambako wachimbaji wadogo wapo, ukionekana na ditekta utahesabiwa kuwa mtafuta dhahabu, na utetezi wako hautakuwa na uzito. Mimi huko sitafuti kabisa isipokuwa ndani ya ua wa mtu aliyepoteza kitu na kuniita.

La pili ni malikale, na hapa ninaomba msomaji asisome kwa haraka. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, Sura ya 333, imeweka mpaka katika mwaka 1863: kitu kilichotengenezwa na mikono ya binadamu kabla ya mwaka huo kinalindwa, kuchimba kwa lengo la kukitafuta kunahitaji leseni, na anayekiona kwa bahati anapaswa kutoa taarifa. Mkoa wa Lindi una magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, na pwani nzima kuanzia Kilwa hadi Mikindani ina maeneo ya makazi ya kale ambayo hayana uzio wala kibao. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe za shaba, ndogo na nyembamba, na maandishi ya upande mmoja wa sarafu yana vina na maandishi ya upande wa pili. Sarafu ya namna hiyo ikikaa katika tabaka lake la udongo, pamoja na vigae na shanga zilizokuwa jirani yake, mtaalamu anaweza kueleza nyumba ilikaliwa lini na watu wake walifanya biashara na nani. Ikishang'olewa na kutiwa mfukoni, kinachobaki ni kipande cha shaba chenye jina la sultani.

Mfano upo. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu tano za Kilwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake, akazihifadhi koponi kwa zaidi ya miaka thelathini kabla ya kuzipeleka kwa wataalamu, pamoja na ramani aliyoitia alama ya msalaba kwa kumbukumbu tu. Mpaka leo wataalamu wanabishana namna shaba ya Kilwa ilivyofika huko, kwa sababu hakuna aliyeandika siku ile zilikuwa zimelala wapi hasa, katika udongo gani na karibu na nini. Basi ukifukua kigae cha kale, shanga, au sarafu yenye maandishi ya Kiarabu usiyoijua, acha kuchimba, piga picha ikiwa pale pale, rudisha udongo taratibu, na upeleke taarifa kwa afisa utamaduni wa halmashauri yako.

Maeneo ya vita ni ya kuepukwa kabisa. Mapigano ya Mahiwa, karibu na Nyangao, Oktoba 1917, yalikuwa miongoni mwa yale yaliyomwaga damu nyingi zaidi Afrika Mashariki katika Vita Kuu ya Kwanza, na waliouana pale kwa sehemu kubwa walikuwa Waafrika waliopigana kwa amri ya mataifa mawili ya Ulaya. Bomu lililolala ardhini zaidi ya miaka 100 halijafa, maana chuma cha nje huliwa na kutu huku baruti ya ndani ikibaki, na wakati mwingine ikiwa nyepesi kulipuka kuliko ilivyokuwa mpya. Ukikuta chuma kizito chenye umbo la chupa au embe refu, usikigeuze, usikitikise na usimwite mwenzako aje kutazama. Weka alama ya mti au kitambaa kwa mbali, rudi kwa njia ile ile uliyoijia, kisha uwaarifu polisi. Kando ya Mto Ruvuma nako, ambako vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipita, sitii mguu na ditekta.

Mengine nayataja kwa ufupi. Usichimbe katika mkuza wa bomba la gesi linalotoka Madimba kwenda Dar es Salaam, wala karibu na nguzo za umeme. Usitoe misumari wala vipande vya reli kwenye njia ya zamani ya treni ya Mtwara na Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga na kufungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa sababu hapo utahesabiwa mwizi wa vyuma. Bikoni ya kiwanja ina nondo chini ya zege, na ditekta itaipigia kelele nzuri sana. Iache, maana kung'oa alama ya mpaka ni kosa na ni chanzo cha ugomvi wa ndugu. Msimbati na Ruvula zimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kwa hiyo ruhusa ya kijiji peke yake haitoshi kule. Makaburi, yawe na nguzo au mafungu ya mawe tu chini ya mbuyu, hayana mjadala.

Hatua ya pili: Omba ruhusa kwa mpangilio unaoeleweka kijijini

Katika mwaka wangu wa pili nilipewa ruhusa na mwenye shamba kwa simu, naye akiwa Dar es Salaam, nikaenda moja kwa moja hadi mikoroshoni. Haikuchukua hata saa moja. Vijana sita walinizunguka, wakanipeleka ofisi ya kijiji, na mfuko wangu ukamwagwa juu ya meza mbele ya watu: vifuniko saba vya soda, bawaba moja ya mlango, waya, na senti kumi moja yenye tundu. Mwenyekiti alivitazama kimoja kimoja, akaniambia, "Mwanangu, ungeanzia hapa, chai tungekunywa wote." Nilimwomba radhi yeye na wale vijana, kwa kuwa walikuwa wanalinda mali ya jirani yao kama inavyotakiwa.

Tangu hapo ninafuata mpangilio mmoja. Ninaanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, ambaye hunipeleka kwa mtendaji wa kijiji, kwa sababu ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Sura ya 114. Mjini kazi hiyo ninaifanya kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa. Ninakwenda asubuhi, ninapiga hodi, ninatoa shikamoo kwa kila anayestahili, na ninaiweka mashine mezani ikiwa wazi. Kisha ninatupa funguo chini, ninaiwasha, na kumpa mtendaji mwenyewe aisikie ikilia. Maelezo ya nusu saa hayafikii ule mlio mmoja, maana mtu akishaishika kwa mkono wake hofu ya uchawi na ya hazina hupungua kwa pamoja.

Baada ya ofisi ndipo unakwenda kwa mwenye shamba, na kwetu kusini neno hilo lina undani wake. Shamba la mikorosho linaweza kuwa la ukoo, likawa limekodishwa kwa mtu mwingine kwa msimu huu, huku bibi mzaa baba akiwa ndiye anayejua mipaka. Uliza waziwazi: mwaka huu anayevuna hapa ni nani? Ongea na wote wawili. Wakati nao una maana kubwa. Korosho zikianza kudondoka, ambapo kwa kawaida ni kuanzia mwezi wa tisa au wa kumi, usiingie shambani kabisa, kwa kuwa utakanyaga mazao na utashukiwa kuyaokota. Wakati wa kupuliza salfa, dawa ya ukungu wa mikorosho, usiende pia, kwa usalama wa macho na kifua chako. Ninachopendelea ni siku zile shamba limeshafyekwa chini ya miti lakini mavuno hayajaanza.

Makubaliano yaandikwe, hata katika karatasi moja ya daftari: jina lako na namba ya kitambulisho, shamba lilipo, siku utakazokuwepo, ahadi ya kufukia kila shimo, na mgawanyo wa kitakachopatikana. Mimi huandika kwamba vitu vya thamani vitagawanywa nusu kwa nusu, vitu vya familia vitarudi kwa familia, na malikale, madini na silaha vitaachwa mahali pake na kutolewa taarifa. Mtendaji hugonga muhuri, nakala moja hubaki ofisini, na nakala yangu huwa mfukoni muda wote.

Hatua ya tatu: Chagua mashine inayofaa udongo na bahari yetu

Ditekta nyingi za bei ya kawaida hufanya kazi kwa masafa ya chini. Sahani ya mbele, ambayo wengi huiita koili, hutoa uga wa sumaku unaobadilika mara maelfu kwa sekunde, na idadi hiyo ya mabadiliko ndiyo masafa. Uga huo ukikutana na metali huzalisha umeme mdogo ndani yake, na metali nayo hujibu kwa uga wake. Mashine hupima ukubwa wa jibu na namna lilivyochelewa, ndipo inapokuonyesha namba, au alama kwenye kioo kwa mashine zisizo na namba, na kukupa mlio: chuma kwa kawaida hutoa mlio mzito na namba ya chini, fedha na shaba nene hutoa mlio mwembamba na namba ya juu.

Kwa anayeanzia mashambani, mashine nyepesi kama Garrett ACE 250, inayotumia masafa ya kilohezi 6.5 na betri nne za kawaida za ukubwa wa AA, inatosha kabisa kwa miaka ya kwanza, na betri zake zinapatikana katika duka lolote la Masasi au Newala. Sahani yake inaweza kuzamishwa majini, lakini kisanduku cha juu hakistahimili maji, kwa hiyo mvua ikianza, kifunike kwa mfuko wa nailoni. Tatizo lake ni mchanga uliolowa maji ya chumvi. Chumvi na maji hupitisha umeme, na mashine ya masafa mamoja huona ufukwe mzima kuwa ni metali. Mpenda bahari atafute mashine ya masafa mengi kwa wakati mmoja, kama Minelab Equinox, ambayo hulinganisha majibu ya masafa hayo na kuitambua chumvi. Zipo pia za mapigo, yaani zinazotoa uga wa sumaku kwa mapigo mafupi mafupi, ambazo huhimili chumvi na udongo wenye chuma kingi, lakini nyingi hazitofautishi msumari na pete, na utachimba kila kitu.

Nunua pia pinpointa, yaani kifimbo kifupi cha kuingiza shimoni kinachotetemeka kikikaribia metali. Bila hicho utapekua udongo kwa vidole kwa robo saa huku sarafu iko katika bonge uliloliweka pembeni. Hedifoni zinasaidia kusikia milio hafifu na kutowasumbua watu. Kwa kuchimbia, mwiko mnene wa fundi ujenzi na kijembe chenye mpini mfupi vinatosha. Jembe la kawaida na sululu viache nyumbani, kwa kuwa vinakata mizizi ya mikorosho, na mtu mwenye sululu shambani kwa mwenzake ameshajieleza vibaya. Ongeza glavu, kipande cha turubai, na mfuko wenye sehemu mbili, moja ya takataka. Ukiagiza mashine kutoka nje ya nchi, pata kwanza maelezo ya forodha, na risiti yake uihifadhi pamoja na mashine.

Hatua ya nne: Fanya mazoezi uani

Kwa wiki mbili za mwanzo usitoke nyumbani. Tafuta sehemu safi uani, fukia vitu katika kina cha sentimita 5, 10 na 15, kila kimoja na kijiti chake: sarafu za sasa za aina zote, senti ya zamani ya shaba kama unayo, msumari, kifuniko cha soda, karatasi ya aluminiamu ya pakiti ya sigara, kishikio cha kopo, na pete iliyofungwa uzi ili isipotee. Pitisha sahani ikiwa sambamba na ardhi, kwa kimo cha sentimita mbili au tatu, taratibu, huku kila mpito ukifunika nusu ya ule uliopita. Andika namba na mlio wa kila kitu.

Zoezi hili litakufundisha jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa: pete nyembamba ya dhahabu hutoa namba inayokaribiana sana na ile ya aluminiamu. Anayezima namba za aluminiamu, yaani anayeiamuru mashine isilie kwa namba hizo, ili asichimbe takataka amezima na pete za wake za watu. Kifuniko cha soda nacho hudanganya kwa mlio mzuri, lakini ukigeuka na kukipitia kwa pembe nyingine mlio hukatika au namba huruka, wakati sarafu iliyolala vizuri hutoa namba ile ile kutoka kila upande.

Kabla ya kuanza kila siku, ikiwa mashine yako ina uwezo huo, isawazishe na udongo kwa kuinua na kushusha sahani mahali pasipo na metali hadi iwe kimya. Mchanga wa uwanda wa Makonde ni rahisi, ila ukishuka kwenye udongo mwekundu wenye vijiwe vya chuma, punguza usikivu. Mashine inayolia bila kukoma haisikii kitu.

Hatua ya tano: Ufukweni

Ufukweni ndipo mahali pazuri pa kuanzia, kwa sababu vitu vingi ni vya juzi na mwenyewe anaweza kupatikana. Siku ya pili ya Idd, watu wakishaogelea Msangamkuu au Shangani, huwa pana funguo, hereni na sarafu. Fuata kalenda ya mwezi: wakati wa bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa mbali zaidi na kufunua mchanga ambao wakati wa maji mafu haufikiki. Anza saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa, shuka ukiyafuata, na uanze kurudi yanapogeuka. Pepo zikibadilika, kusi ikiingia au kaskazi ikianza, mchanga huhama, na ufukwe ulioumaliza mwezi uliopita unaweza kuwa mpya.

Zungumza kwanza na kikundi cha ulinzi wa rasilimali za bahari, ambacho wavuvi wanakiita BMU. Usichimbe palipo na nyasi za bahari wala kwenye mikoko. Kitu chenye alama ya mwenyewe kipeleke kwa mwenyekiti wa mtaa au polisi, na utangaze bila kueleza maandishi yaliyomo ndani ya pete, ili anayekuja kudai ayataje mwenyewe.

Hatua ya sita: Mahameni na shambani

Katika nchi kavu, mahali ninapopapenda ni mahame, yale makazi yaliyoachwa wakati watu walipohamishiwa vijijini, hasa kati ya 1973 na 1976. Yanajulikana kwa miembe mikubwa isiyo na nyumba, mnazi mmoja au miwili, na vipande vya vyungu. Wazee wanayakumbuka kwa majina ya waliokaa. Tafuta kuzunguka shina la mwembe, ambapo watu walipumzika, na kando ya njia ya kisimani, kwa kuwa wanawake walifunga senti katika pindo la kanga na fundo liliweza kulegea popote.

Mlio ukiwa thabiti, tafuta kitovu chake kwa kupitisha sahani kwa mistari miwili inayokatana. Tandika turubai. Kata udongo kwa mwiko pande tatu, umbali wa sentimita kumi kutoka kwenye kitovu ili usikwaruze kitu, ukiacha upande wa nne uwe kama bawaba, kisha geuza bonge zima pamoja na nyasi zake. Pitisha pinpointa kwanza ndani ya shimo, halafu chini ya bonge. Udongo uliolegea uende kwenye turubai, usitawanyike.

Mwezi wa saba mmoja, katika mahame ya ukoo fulani, nilipata mlio wa namna hiyo umbali wa hatua nne kutoka kwenye mwembe. Chini ya bonge, kina cha kiganja, udongo mweusi ulikuwa na duara la kijani, mviringo kamili, kama doa la rangi. Nililisukuma kwa kidole pamoja na udongo wake, nikalilowesha kwa matone ya maji ya chupa, nikasubiri. Ilikuwa sarafu ndogo ya shaba, yenye taji, na chini ya taji mwaka 1909. Upande wa pili, ndani ya shada la majani, moja na neno Heller. Sarafu hizi za Wajerumani zilianza kutolewa mwaka 1904, mia moja kwa rupia moja, na kwa kuwa zimetengenezwa baada ya 1863 hazimo katika mpaka ule wa sheria niliouandika juu. Bibi mwenye shamba, ambaye alikuwa amekaa kwenye mkeka akinitazama muda wote, aliipokea, akaiweka karibu na jicho, akasema, "Kumbe hela yenyewe ndiyo hii." Neno tunalolitamka kila siku dukani alikuwa amelishika mkononi kwa mara ya kwanza. Alibaki nayo, nami nikabaki na picha.

Shimo likimalizika, rudisha udongo wote kutoka kwenye turubai, laza bonge, kanyaga kwa mguu. Takataka za metali ondoka nazo. Misumari na vifuniko ulivyovitoa ni faida kwa wanaolima pale peku.

Hatua ya saba: Andika na utunze

Kabla ya kuhamia mlio unaofuata, andika tarehe, mahali kwa kutumia ramani ya simu, kina, aina ya udongo, na vitu vilivyokuwa karibu, kisha upige picha pamoja na rula. Sarafu usiisugue kwa mchanga, majivu wala limau. Limau hula shaba na linaweza kuharibu maandishi. Iloweke katika maji baridi yasiyo na chumvi, badilisha maji kila siku ikiwa imetoka baharini, halafu ikauke kivulini na ikae katika bahasha ya karatasi yenye namba inayolingana na ya daftari.

Mwisho wa siku, kabla ya kuondoka kijijini, pitia ofisini umwonyeshe mtendaji ulichopata, hata kama ni bawaba na vifuniko tu, na aandike katika nakala yake. Ukifika nyumbani kutoka pwani, suuza sahani na mpini kwa maji ya bomba, fungua viungo vyake ili mchanga utoke, na betri zitolewe ikiwa mashine haitatumika kwa wiki kadhaa, kwa kuwa joto na unyevu wa kwetu huzivujisha mapema.